Pombe ya Kwanza ya Mama Henriette

Mama Henriette Ntumba aliuzishaka bière miaka kumi, na hata siku moja hakuiweka ku ulimi. Nganda yake, baa ya kunywea, ilikuwa ku mutaa ya Manika, ukuta moja na parcelle ya nyumba yetu. Bantu balikuwa banalewa, yeye na Fanta yake, anabachekelea, kisha anafunga mapema juu ya kuimba mu korali ya kanisa. Baba yake njo alitokaka Kasaï kuja kutumika ku mine ya shaba. Yeye alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Kasaï hata mu picha hakuionaka.

Mu 93 ile haikumusaidia. Ilikuwa mwaka ya kufukuza bantu ya Kasaï. Bantu benye tulibatizaka nabo batoto pamoja, asubui moja balikuwa bageni.

Mukubwa ya bajeunes, vijana ya kufukuza, ya avenue yetu alikuwa Kisimba, client ya Mama Henriette tangu ndevu yake ya kwanza. Alikuja na benzake saba, na mipanga.

Akaambia bwana ya mama, tata Kalonji: "Tata, wewe na batoto mwende ku gare leo, mungojee train. Mama anabakia."

"Anabakia juu ya nini?"

"Muzee wangu alikufa, unajua. Siku ya posho, samedi ya wiki yenye kuja, tunatosha matanga, tunamaliza kilio. Kamioni ya bière haifikake tena. Mama atatupikia pombe ya mahindi. Ikikuwa muzuri, mi mwenyewe nitamupeleka ku gare."

"Na ikikuwa mubaya?"

Kisimba alicheka tu. Shiye bote tulijua jibu: tumbo moja ikiuma, watasema Mukasaï ametutilia sumu.

"Kisimba, mwanangu," Mama Henriette akasema, "mi nauzishaka, sipikake! Bière mi naijua na kifunguo ya chupa tu!"

"Mama, kazi ni ile ile."

Bwana na batoto balienda. Mama akakuja ku ukuta, akaita muke wangu Agnès, mutoto ya kule Musumba, mwenye alijifunzaka pombe kwa nkambo yake, mama ya mama yake. Mi nilitaka kusema tusijiingize. Agnès aliniangalia, nikakumbuka nilikuwa na kazi ingine kule nyuma ya nyumba.

Balilowanisha mahindi, bakaitia mu gunia, bakaifunika na majani. Siku ine. Kila firimbi yenye ililia ku barrière yenye bajeunes balifunga nayo barabara, Mama Henriette alikuwa anafungua gunia kuangalia kama mahindi imeota, sawa mahindi nayo inamukimbiza. Ikaota, mizizi nyeupe sawa meno ya panya. Bakaianika juu ya bati, bakaitwanga unga.

Siku ya kupika, Agnès akamuambia: "Chemusha uji ya unga ya kawaida. Kisha ungoje. Hii ya kuota usiitie mpaka nirudie kutoka ku soko."

Lakini bajeunes walipita wakiimba, wakapiga mulango na mupanga. Mumoja akaita: "Pombe iko wapi, Mukasaï?" Mama, na woga, akashika kikapo, akamwanga nusu ya ule unga mu nyungu yenye kuchemuka.

Agnès akarudi, akaonja. "Mama! Umeua pombe."

"Usiseme ile neno!" Mama Henriette akaangalia barabara. "Usiseme kuua!"

"Moto inamaliza nguvu ya unga ya kuota, mama. Itabakia uji tu, haitakuwa tamu hata siku moja. Tunaacha ipole. Tia kidole, hesabu mpaka kumi. Ukilia mbele ya kumi, ngoja tena."

Akatia kidole. "Moja, mbili, ta— yo!" Akangoja. Akatia tena, akalia ku tano. Mara ya sita alifika kumi, kidole nyekundu sawa pilipili, na macho kavu. Ndipo bakatia nusu yenye ilibakia. Kufika saa tisa uji ile nzito ilikuwa imelainika, tamu sawa muwa. Kisha siku mbili ikafura povu. Mama Henriette aliona povu, akapiga magoti, akasema: "Bwana, imeoza." Agnès alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ya posho. Parcelle ya Kisimba ilijaa. Nyungu katikati, kikombe juu yake. Ile desturi muntu yote anaijua: mwenye kupika njo anakunywa wa kwanza, bantu baone. Muntu mumoja tu hakuijua: Mama Henriette. Ku nganda chupa inakuja imefungwa, nani ataomba umuonjee? Akasimama pale anangoja tunywe.

Kisimba akamuonyesha kikombe na kidole.

"Mama," Kisimba akasema, sauti ya chini. "Kunywa."

"Mi sikunywake, mwanangu. Unajua."

Nilisikia mupanga ikikwaruza simenti. Mama naye alisikia. Akashika kikombe na mikono yote mbili, akakunywa yote, macho amefunga, sawa mutoto anakunywa dawa chungu. Akatia tena. Akakunywa tena. Yeye na Fanta yake!

Akageuka kutuangalia, mguu ukamukataa. Akaenda huku, akaenda huku.

"Sumu!" muntu akalia. "Anaanguka! Ni sumu!"

Wakasimama. Mi nilitaka kusema, "Huyu amelewa tu." Neno ilifika ku meno, ikaona mipanga, ikarudia. Niliangalia viatu yangu. Ni kweli, niandike: viatu yangu.

Agnès alipita mbele yangu. Akamunyanganya mama kikombe, akachota, akakunywa polepole, akapanguza midomo.

"Imekosa siku moja tu ya kuiva," akasema. "Kisimba, mama yako alipikaka mubaya kushinda hii, na uliota ndevu."

Wamama ba jamaa ya Kisimba njo balianza kucheka. Kisimba akakunywa. Nyungu ikaisha.

Ku barrière, Kisimba alitangulia na valise ya mama ku kichwa. "Huyu alipikia muzee wangu. Pisha!" Bakasaï batatu mbele yetu hawakuwa na mwenye kuwasemea. Sitaandika yenye niliona.

Ku gare, wagon ilikuwa ya kubebea mawe, bila paa. Tata Kalonji, mwenye alikuwa angali anangoja na batoto, alimuvuta juu, akanusa. "Henriette, umekunywa?" Mama alikuwa amekumbatia kifurushi ya unga ya kuota yenye Agnès alimupa.

"Agnès!" akaita. "Ni kumi ao kumi na mbili?"

"Kumi, mama! Bila kulia!"

Train ikavuta. Mama Henriette akainua mikono yote mbili, vidole kumi, kimoja kimefungwa kitambaa. Alikuwa analia. Hakufika hata ku tatu.