Aliyebaki Kwenye Lami

Watu wa Gungu, Kigoma, walipomwona Telesphory anaendesha baiskeli isiyobeba kitu, walidhani kichwa kimemruka. Baiskeli katika mji huu ina kazi yake. Inabeba madumu ya mawese, mkaa, ndizi, magunia ya dagaa kutoka mwaloni kwa wavuvi, na ikikosa vyote hivyo inabeba mgonjwa. Sasa mzee mzima, mstaafu wa reli, avae kaptula Jumapili asubuhi, akanyage hadi Kidahwe, anywe chai ya maziwa, kisha arudi mikono mitupu! "Umefuata nini huko?" walimuuliza. Akajibu amefuata upepo. Wakacheka mpaka basi, na mke wake Eufrasia akacheka kuliko wote, maana ndiye aliyekuwa akiifua hiyo kaptula.

Lakini Telesphory hakuwa mtu wa kuchekwa akaacha. Miaka thelathini na moja alikuwa stesheni, akibadilisha njia za treni na kusimamia ishara, na kazi ile ilimfanya mtu wa sheria hadi akawa kero nyumbani. Kwake yeye kila chombo kina njia yake. Treni haitoki relini kumpisha ng'ombe. Alipostaafu akanunua baiskeli ya mtumba yenye gia, nyepesi kama ungo, na siku ya kwanza tu alipoiingiza barabarani akakutana na sheria ambayo haikuandikwa popote: ukisikia honi nyuma yako, shuka.

Kushuka ni kuacha lami na kuingia kwenye changarawe pembeni. Hakuna mwendesha baiskeli wa Kigoma asiyejua hilo. Dereva wa lori anapiga honi angali mbali, wala hapunguzi mwendo, kwa kuwa anajua akifika atakuta lami tupu. Wabeba mkaa wanashuka. Wauza dagaa wanashuka huku mizigo ikiwayumbisha. Wapo walioanguka mtaroni wakavunjika mikono, na bado ukiwauliza watakwambia mwenye nguvu mpishe. Telesphory alimuuliza trafiki mmoja aliyesali naye, akaambiwa ukweli: baiskeli ina haki ya kukaa kushoto mwa lami, na gari ndilo linalopaswa kusubiri mpaka nafasi ipatikane. Basi, imekwisha. Tangu siku hiyo hakushuka tena. Madereva walimtukania wazazi wake madirishani, wengine wakampita karibu hadi shati likapepea, naye akabaki palepale, anatetemeka na anafurahi.

Laiti angeishia hapo, akae na ubishi wake peke yake. Akamtafuta mwenzake.

Mwenzake alikuwa Ntirampeba, fundi cherehani mwenye kibaraza jirani na soko la Gungu. Aliingia nchi hii mgongoni mwa mama yake, wakikimbia Burundi, akakulia hapa, akaoa hapa, akapewa uraia mvi zimeshamwota. Alikuwa mpole hadi unamwonea huruma. Kwenye foleni ya maji alimpisha aliyekuja baada yake. Ofisini alisimama hata penye viti. "Mtu aliyekulia kwa kibali hajifunzi kubishana," alisema mwenyewe, akicheka, sindano mdomoni. Alikuwa na baiskeli nyeusi, nzito kama mlango, na siku Telesphory alipopeleka kaptula yake ikatiwe kiraka, wakakubaliana waende wote Kidahwe Jumapili baada ya misa ya kwanza.

Jumapili ile Ntirampeba alishuka mara kumi na saba. Telesphory alihesabu, na mara zote kumi na saba alimgombeza kama mtoto wa darasa la pili. Kisha wakapanga utaratibu. Ntirampeba atangulie, Telesphory amfuate nyuma, na honi ikilia, wa nyuma apige kelele: "Kaa!" Hapo wa mbele ashike usukani, anyooshe mgongo, asigeuke. Kugeuka kunayumbisha, na tena wa nyuma ndiye macho ya wa mbele.

Ilichukua miezi mitatu. Siku moja wakipita Mwandiga, basi dogo likapiga honi nyuma yao, Telesphory akapaza sauti, na Ntirampeba akakaa. Basi likapunguza mwendo. Likawafuata polepole mpaka gari lililokuwa likija kutoka mbele lilipopita, ndipo likawazunguka kwa mbali na kwenda zake. Ntirampeba akasimama, akaweka mguu chini, machozi yakimtoka.

"Limenisubiri," alisema. "Telesphory, gari limenisubiri mimi!"

Sijui kama kuna raha inayozidi ile. Wakawa kila Jumapili ni wao na barabara, vilima vya Kidahwe, na wakati wa kurudi ziwa linaonekana kule chini kama shuka la buluu lililoanikwa. Wachekaji wakachoka kucheka.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa saba, kama saa nne asubuhi. Walikuwa wakirudi, wakiteremka kilima, Ntirampeba mbele, Telesphory hatua ishirini nyuma yake. Basi kubwa lilikuwa linapanda kutoka chini. Nyuma yao likatokea lori la Fuso lililosheheni mbao, likapiga honi.

"Kaa!" alipaza sauti Telesphory.

Ntirampeba akanyoosha mgongo, akakaa.

Honi ikalia mara ya pili, karibu sana, ndefu, na ndani yake Telesphory akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia. Lile gari lilikuwa limeshindwa. Kwa kuwa basi lile lilikuwa linapanda, halikuwa na pa kukwepea, na kwa uzito ule halikuwa na namna ya kusimama. Mikono yake ikapinda usukani. Huenda hakuamua, au aliamua upesi mno hata asijisikie akiamua. Akaingia kwenye changarawe. Fuso likampita, breki zikilia, na kwa kitambo kifupi akauona mgongo wa Ntirampeba umenyooka vilevile, hageuki, akiamini wako wawili. Mdomo wa Telesphory ulikuwa wazi lakini neno la pili, la kumwambia ashuke, halikutoka.

Fuso lilimgonga Ntirampeba, akafia palepale, kichwa kikiwa mapajani mwa Telesphory.

Polisi walipochukua maelezo, askari aliuliza: "Honi ilipigwa?" Telesphory akajibu haikupigwa. Hakuwa amepanga kudanganya. Aliona tu kwamba akisema ilipigwa, swali litakalofuata ni yeye alifanya nini. Akaandikiwa hivyo, akatia sahihi. Mtu aliyesimamia ishara miaka thelathini na moja, akaikana ishara.

Msibani watu walisema yao. Wapo walionong'ona kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba mchezo wa kizungu umemponza mshona nguo wa watu. Mjane, Vénérande, hakuwajali. Alimshika Telesphory mikono yote miwili mbele ya waombolezaji, akasema huyu alikuwa ndugu wa mume wangu, na huyu ndiye shahidi wangu. Tangu hapo Telesphory akawa anakwenda kwake kila Jumapili na samaki, na kila Jumapili akarudi akiwa amekonda zaidi. Hakupanda baiskeli tena. Eufrasia aliona anaamka alfajiri na kukaa kitandani akitazama viganja vyake, akamwambia: "Wewe una jambo. Litoe, litakuua." Akajibu ni uzee.

Dereva wa lile Fuso aliitwa Alphonce, mkazi wa Gungu hukohuko. Alishtakiwa kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, akawa nje kwa dhamana. Wiki moja kabla ya ushahidi alikuja kwa Telesphory mchana, akavua kofia mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, sikuja kuomba unitetee. Nimeua mtu, najua. Ule mteremko nilikuwa mbio." Aliizungusha kofia mikononi. "Ila imeandikwa sikupiga honi. Kama vile niliwaona nikanyamaza, nikamfuata mtu nimuue. Mama yangu anaambiwa hivyo sokoni. Miaka kumi na sita napita barabara ile. Ukipiga honi, baiskeli zinashuka. Zote zinashuka."

Telesphory aliitazama ile kofia.

"Hata wewe ulishuka, mzee," alisema Alphonce taratibu. "Nilikuona."

Akavaa kofia, akaondoka. Hakutisha, hakupiga kelele. Afadhali angetisha, maana Telesphory angepata cha kukasirikia.

Sasa mambo yakawa wazi kwake kama njia mbili za reli. Akinyamaza, atabaki ndugu wa marehemu, shahidi wa mjane, na Alphonce atafungwa kwa ubaya aliotenda na ubaya asioutenda. Akisema, nyumba ya Ntirampeba itamfungia mlango, na mji mzima utajua nani alimfundisha mwenzake kukaa na nani alishuka. Siku sita alibeba jambo hilo. Siku ya saba, mkesha wa kesi, alasiri, akaenda kwa Vénérande bila samaki.

Alimkuta ameketi kwenye cherehani ya mume wake, anajifunza kushona mifuko ya mito. Vénérande akamletea kigoda, akaanza kumsimulia kabla hajaulizwa.

"Unajua, mzee, kila Jumapili akirudi alikuwa haombi chakula kwanza. Anasimama pale mlangoni na jasho lake, ananiambia, Vénérande, leo sikushuka. Basi na mimi namwambia, ego, ndiyo, leo wewe ni mtu mkubwa." Alitabasamu. "Nimeshukuru Mungu alikupata wewe. Aliishi miaka yote ile anapisha watu."

Telesphory akashuka kwenye kigoda, akapiga magoti kwenye vumbi. Mzee wa umri wake. Akasema yote, bila kupamba: honi ya kwanza, neno alilopaza, honi ya pili, mikono yake, mgongo wa Ntirampeba ulionyooka bila kugeuka, na maelezo aliyoyatilia sahihi. Alilia akisema, naye alijichukia kwa kulia, kwa sababu aliona kama anaomba.

Mguu wa Vénérande ulikuwa bado juu ya kanyagio la cherehani.

"Alikuwa hajui," alisema mwishowe. "Alikuwa hajui kama yuko peke yake."

"Alikuwa hajui."

"Na huyo dereva alipiga."

"Alipiga. Mara mbili."

Aliukata uzi kwa meno, akaukunja mfuko wa mto, akauweka juu ya mingine. "Basi kesho ukaseme. Useme yote, waandike. Waandike kwamba alikaa." Sauti yake ikapasuka, akaikusanya tena. "Na ukitoka huko, mzee, usije tena hapa. Sikuchukii. Lakini nikikuona nitakuwa nauona ule mgongo wake."

Asubuhi mahakama ilijaa. Telesphory aliapa, akasimama kizimbani na shati la misa. Mwendesha mashtaka, mwenye maelezo yake mkononi, aliuliza kwa kujiamini kama shahidi alisikia honi.

"Nilisikia. Mara mbili."

Watu wakanong'ona. Mwendesha mashtaka aliyatazama maelezo, akamtazama yeye, uso ukiwa umemwiva kwa hasira. Akamuuliza kama anafahamu kwamba alitia sahihi maneno mengine, na kama anafahamu adhabu ya kusema uongo. Telesphory akasema anafahamu. Akaulizwa kwa nini alidanganya, akasema aliona aibu. Hakimu akaingilia, akauliza: baada ya honi hiyo, marehemu alifanya nini?

"Alikaa kwenye lami, Mheshimiwa. Kushoto, mahali pake. Hakukosea kitu."

"Na wewe?"

Vénérande alikuwa benchi la pili, kitenge cheusi begani. Alphonce aliinamisha kichwa. Telesphory akajibu, lakini sauti ilimtoka ndogo mno, hata karani akainua kalamu bila kuandika.

"Paza sauti, shahidi," alisema hakimu. "Mahakama haijakusikia."

Telesphory akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

"Nilimwambia akae," alisema. "Mimi nikashuka."