Fundi Redio wa Kambi ya Bati

Fundi redio wa kambi yetu ya machimbo ya bati, Kyerwa, hakuwahi kuunga redio ya mtu moja kwa moja kwenye umeme wa jenereta. Aliipitisha kwanza kwenye transfoma yake, dude zito lenye kirungu juu, akakizungusha taratibu, umeme ukipanda kidogo kidogo, kama anayemnywesha mgonjwa uji, kidole gumba kikisikilizia mngurumo. Redio iliyokaa kimya miaka, alisema, ukiishtua inakufa. Akimaliza alijifuta mikono kwenye kaptura, hata ikiwa safi.

Mwaka hamsini na sita transfoma ilianza kutoa cheche. Aliifungua barazani, akachonga kipande kipya cha kaboni cha chini ya kirungu kutoka kwenye betri kuukuu ya tochi, akakipiga msasa. Jirani yetu Mama Kokubanza, mjane, alikuwa amekaa akingoja, redio ya marehemu mumewe mapajani.

"Si imepona? Iunge redio basi, mwanangu."

"Hapana, mama. Hata pombe ya rubisi, mwenye nyumba ndiye huonja kwanza, ndipo mgeni anywe."

Akaingia ndani, akatoka na redio yake mwenyewe, ile tuliyoisikiliza kila jioni kupitia ukuta, akaiunga. Kirungu kilifika katikati, kikakwama, kisha kikaponyoka hadi mwisho. Redio ikafuka moshi. Fundi akajifuta mikono kwenye kaptura, akachukua msasa, akaanza upya.

Jioni ile redio ya marehemu iliimba kwa Mama Kokubanza. Nyuma ya ukuta wetu, kwa fundi, palikuwa kimya.