Mwendo wa Punda wa Mama

Mjukuu wangu, nakumbuka siku moja kuliko siku zote nilizoishi, na wala si siku ya harusi yangu. Umekuja kunionyesha punda wako wa kwanza, jike, umemnunua mnadani Mtinko, una furaha, nami sikushangilia. Nisamehe. Kaa hapo nikueleze.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na sita, miguu mirefu, masikio mafupi. Mama yangu alikuwa ameumia shingo kwa kubeba maji. Kiangazi kisima cha karibu kilikauka, tukawa tunayafuata maji kwenye mchanga wa mto, asubuhi nzima kwenda na kurudi. Aliuza kuku, akauza alizeti ya misimu miwili, akanunua punda jike. Siku aliyomleta alivua ngata yake ya kitambaa kichwani, akaitundika ukutani, akasema, "Sasa na mimi nikiitwa nitageuza shingo nimwone anayeniita." Tulicheka sana.

Baadaye punda akashika mimba, na mama akanifundisha mwendo. Punda ana hatua, kutembea kwake polepole. Ana telki, ule mwendo wa kukimbiakimbia kwato zikidunda harakaharaka. Halafu ana mbio zenyewe.

"Huyu ana mtoto tumboni na maji mgongoni," aliniambia. "Hatua tu. Hata ukichelewa, mimi nitasubiri."

Nikaitikia, "Ndiyo, mama," kwa mdomo.

Jumamosi moja rafiki yangu Zaituni alikuwa anaolewa, na ngoma ilianza mchana. Huko mtoni foleni ilikuwa ndefu. Nilipopata zamu yangu jua lilikuwa limeshapanda, na ngoma nilikuwa nazisikia kwa mbali. Nikamfungia punda madumu manne, nikakata fimbo. Alipokwenda telki nikaona haitoshi, nikamchapa akakimbia, madumu yakimgonga mbavuni, nami nyuma yake nacheka. Mara mbili alisimama akanigeukia. Mara mbili nilimchapa.

Nilifika, nikashusha maji, nikavaa kanga mpya, nikaenda kucheza. Niliporudi jioni punda alikuwa amelala nyuma ya nyumba. Mtoto wake alikuwa ametoka kabla ya wakati, amekufa, na mama amepiga magoti amemshikia punda kichwa. Punda naye hakumaliza siku mbili.

Nilingoja kipigo. Nilikitaka kabisa. Mama alisema tu, "Nilikuambia hatua." Kesho yake asubuhi akaitoa ile ngata ukutani.

Nilibeba pamoja naye, usidhani nilikaa. Lakini niliolewa Kinampanda, nikamwacha na debe lake. Kila nilipokwenda kumsalimia nilikuta shingo imezidi kukakamaa, mpaka ikawa nikimwambia "Shikamoo, mama" nikiwa nyuma yake, inambidi ageuke mwili mzima ndipo aniitikie marahaba. Bomba la maji lilifika kijijini tukiwa tumeshamzika. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, na hadi leo sijapata cha kunifariji. Watu huniambia eti hayo ni ya zamani, nimekuwa bibi sasa, niyaache. Niyaache wapi? Ile shingo haikupona, na aliyeivunja ni mimi, kwa sababu ya ngoma ambayo hata nyimbo zake nimezisahau.

Basi shika hili, mwanangu. Punda wako amebeba mzigo wa mtu wa nyumbani kwako. Ukimwua, mzigo hauishi, unarudi kwa yule yule uliyetaka kumpumzisha. Akiwa amepakiwa, mwendo wake ni hatua. Furaha ikikuita na yeye bado yuko njiani, ikose hiyo furaha; itakuuma siku moja tu. Na mtu anayekupenda akikuambia atakusubiri, mwamini. Mama alikuwa amesimama mlangoni siku ile, hana haraka yoyote.

Nenda sasa, kabla jua halijawa kali. Mungu ambariki punda wako azae salama. Na mama yako, hata akizeeka kama mimi, siku utakapomwita kutoka nyuma, Mungu amjalie ageuze shingo akuone.