Mishumaa Miwili Shingoni

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba, mwaka wetu wa kwanza Harrow, kwa Waingereza, nilikuwa nazungumza nyumbani tu. Nikivuka mlango, basi, ila kuwanong'oneza watu wa nyumbani sikioni. Watoto darasani walikuwa wameniigiza Kiingereza changu cha Nakuru, nami nikaamua hawatapata kingine cha kuigiza. Shule ikamwambia Mama kwamba nisipofungua mdomo kabla ya Pasaka, nitahamishiwa darasa la wenye matatizo. Matatizo! Hata leo nachemka. Walionicheka hawakuhamishwa popote.

Shosho, mama yake Mama, alikuwa amekuja kututembelea. Akasikia kwa Mama, aliyeambiwa na jirani, kwamba lile kanisa dogo la mawe, lililokuwepo tangu Harrow ni kijiji, ni la Mtakatifu Blasi, na kwamba siku yake watu hubarikiwa koo, kwa kuwa aliwahi kumwokoa mtoto aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Shosho alikuwa mlokole kamili. Kwake watakatifu ni sanamu tu. Lakini siku ilipofika, Mama akiwa zamu hospitalini, alinishika mkono tukaenda. Mlangoni akavua kitambaa chake cha kichwa cha umoja wa kina mama wa kanisa lao, akakisukumia ndani ya mkoba.

"Shosho, si ulisema ni dhambi?" nikamnong'oneza.

"Mungu ataelewa. Wasioelewa ni kina mama wa Nakuru."

Kasisi alinikutanishia mishumaa miwili isiyowashwa shingoni, akasoma sala fupi. Nta ilikuwa baridi. Kisha akatabasamu na kumgeukia aliyefuata.

"Ndiyo hivyo tu?" Shosho akamwuliza kwa Kiswahili. "Baba, hujamaliza. Mtoto hajasema hata neno. Rudia!"

Kasisi hakuelewa kitu, akatabasamu tena. Foleni ikaanza kuguna. Mwanamke mmoja akamshika Shosho bega na kumsogeza kando kama kiti.

"Anasema urudie!" nikamwambia kasisi kwa Kiingereza, kanisa zima likasikia. "Na wewe, usimsukume shosho yangu!"

Shosho akapiga haleluya mpaka nikaona aibu. Jumatatu nilijibu swali darasani. Sikuhamishwa.

Sasa niko chuo kikuu, kwenye timu ya mdahalo, na juzi nilimweleza Mama hoja yangu: hakuna muujiza pale. Shosho alidharauliwa, alihitaji mtu wa kumsemea, nami nikakasirika. Kwisha.

Mama hakuacha kumenya viazi. "Na dereva wa basi alipomfokea wiki hiyohiyo, kabla ya kanisa, mkiwa wawili tu? Hakuhitaji mtu?"

Nimeyapindua maneno yake kila upande. Kama ni hasira, hata ndani ya basi nilikuwa nayo, na sikumsemea. Na kama ni yule mtakatifu wa Shosho wa siku moja, basi sauti ninayoringia siyo kazi yangu. Hilo linaniudhi sana, na sijui nimkasirikie nani.