Shikamoo Iliyopitia Kwenye Kompyuta

Nilikuwa opereta wa simu Kiomboi, na sioni haya kusema nilikuwa na maringo. Miaka ile ya soko huria, Singida mjini walishaanza kusimamisha minara ya simu za mkononi na kufungua vibanda vya intaneti, ila sisi bado tulikuwa na bodi ya mbao yenye matundu na waya. Mtu akitaka kuongea na Shelui, namchomekea mimi. Anayetaka Dodoma ananisubiri mimi. Hata wakubwa wa wilaya walinisalimia kwa adabu.

Sheria ya kazi ilikuwa moja: opereta anaunganisha, haingilii. Kwa vile visikio vilikuwa kichwani mwangu kutwa nzima, nilisikia mengi, na yote nikayameza.

Kaka yangu alikuwa ameondoka miaka minane nyuma. Baba alitaka abaki na mifugo, yeye akataka kusoma, wakagombana, na alfajiri moja akaondoka bila kuaga mpaka akaangukia Ulaya. Baba hakumlaani. Alikataza tu jina lake lisitajwe nyumbani. Mama alikufa akilinong'ona.

Kisha nikapata barua: kaka atapiga simu Jumanne saa nne asubuhi. Nilimbembeleza baba wiki nzima mpaka akakubali, tena kwa sharti.

"Akiniamkia kama mtoto, nitaitikia," alisema. "Asiponiamkia, usinitajie tena huyo mtu mpaka mnanizika."

Baba hakuwa mtu wa maneno ya bure. Nilijua nafasi ni hiyo moja.

Siku hiyo ya Jumanne baba alifika saa mbili, amevaa koti lake la kanisani, akaegesha baiskeli barazani. Saa nne na dakika chache opereta mwenzangu wa Singida akaniita kwenye laini. Akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyeona maajabu, kwamba simu yangu ya Ulaya inapigwa kutoka kwenye kompyuta. Fundi alishamweleza: sauti inakatwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja kinapita njia yake kwenye intaneti, vikifika upande wetu vinaungwa tena na kuingizwa kwenye simu za kawaida. Akaongeza kwamba sauti inachelewa kidogo kufika. Hilo sikulitilia maanani, kwa kuwa nilikuwa nautazama waya mkononi mwangu. Jamani! Sauti itoke Ulaya, ivunjwevunjwe, ipite sijui wapi, iungwe, ifike Singida, halafu hatua ya mwisho ya safari yote hiyo iwe mkono wangu na waya uliochakaa. Nikachomeka.

Baba akainua mkonga wa simu kwenye kibanda cha wateja kilicho mbele ya bodi yangu, akanyamaza. Kwetu ndivyo ilivyo, mkubwa haanzi. Nikamwambia kaka baba yupo, aongee. Kimya. Kupitia kioo nikaona taya la baba limekaza. Kimya tena. Akaurudisha mkonga mahali pake, taratibu, akatoka nje. Hapo hapo masikioni mwangu ikaingia: "Shikamoo, baba."

Nikamsikia kaka akisubiri, akisubiri, kisha akasema basi, ameelewa, baba hataki kuitikia. Nikasahau sheria na kibarua changu pia. Nilimwambia akithubutu kukata nitamfuata hukohuko Ulaya nimzabe kibao, nikavua visikio, nikakimbia barazani. Baba alishashika baiskeli.

"Baba, shikamoo yake ilikuwa njiani," nikamwambia. "Ameisema. Wewe umeondoka kabla haijafika."

Akaniuliza kwa Kinyiramba tangu lini salamu ikachelewa kama basi. Nikamweleza habari ya vipande, vibaya vibaya, maana hata mimi nilikuwa nimeisikia dakika tano zilizopita. Nilitegemea anicheke. Lakini baba alichunga maisha yake yote, na hakuna jioni aliyofunga zizi kabla ng'ombe wa mwisho hajaingia. Akatazama barabara kwa muda, akauliza kama vipande vyote huwa vinafika. Nikasema sijui, baba, tusubiri tuone. Akaegemeza baiskeli ukutani.

Safari hii aliacha mlango wa kibanda wazi. Nikavaa visikio, nikamwomba kaka arudie. Nikahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, huku baba amefumba macho na mkonga umemgandama sikioni.

"Shikamoo, baba."

Baba akafumbua macho. "Marahaba, mwanangu."

Kisha kimya. Kaka hasemi kitu. Baba akafunika mkonga kwa kiganja, akanigeukia, na machoni mwake nikaona woga ambao sikuwahi kuuona tangu nizaliwe.

"Imefika?" akauliza.

"Bado, baba. Iko njiani."

Akaitikia kwa kichwa, akaushika mkonga kwa mikono miwili. Ndipo tukamsikia kaka, mtu mzima mwenye ndevu zake, analia huko Ulaya.

"Imefika," baba akasema, akavuta kiti akakaa.