Jibu Ambalo Hakuna Aliyetaka Kuliandika

Jarida lile lilikufa bila kuaga. Jumamosi moja nilipofika kwa muuza magazeti aliniambia, "Limefungwa hilo, dada. Chukua jingine, siku hizi yako tele." Kweli yalikuwa tele. Miaka ile ya soko huria kila mwezi lilizuka gazeti jipya, na lililozuka mwezi uliopita likatoweka. Ila mimi nilitaka lile lile, maana hadithi yake ya mfululizo ilikuwa imeishia mahali pabaya. Dada mmoja yatima, mwenye wadogo wawili, yuko uani anapepeta. Mjomba wake anasimama mlangoni na kusema, "Nimekuja kuwachukua watoto." Dada anaweka ungo chini, anainua uso. Kisha imeandikwa: itaendelea. Haikuendelea.

Wenzangu niliokuwa nikilisoma nao walikasirika siku mbili wakasahau. Mimi sikuweza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiacha darasa la sita baba alipoanza kuugua, na tulipokuja kumzika mama naye, nilibaki na wadogo zangu wawili wa kike kwenye nyumba yetu ya Nzuguni, hapa Dodoma. Siku ya kumaliza msiba ukoo ulikaa. Baba mdogo, aliyekuwa akiishi Gulwe, alitoa uamuzi: tuvune kwanza shamba lililokuwa limeshalimwa, kisha atakuja. Kitinda mimba angekwenda kwake, anayemtangulia angekwenda kwa shangazi Mpwapwa, nami ningetafutiwa mume. Hakuna aliyeniuliza. Kwetu binti hajibu kikao cha wazee. Akiwa na la kusema humwambia shangazi yake, na shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia.

Kwa hiyo ile hadithi sikuwa naisoma kwa raha. Nilitaka kusikia yule dada anamwambia nini mjomba wake, na nilitaka kusikia kabla ya mavuno.

Kazi yangu ilikuwa kwenye mashine ya kusaga, ya dizeli, kupanga foleni ya ndoo na kufagia. Kila adhuhuri mwenye mashine aliizima ipoe, na wanawake waliosubiri walikaa kwenye kivuli cha ukuta. Hapo ndipo tulipokuwa tukisomeana jarida. Lilipokufa, mpiga chapa mmoja wa ofisi ya serikali, anayekaa Area D lakini akija kumsagia mama yake Nzuguni, alileta daftari la shule. Alikuwa ameandika mwendelezo mwenyewe. Sharti lake lilikuwa moja: anayetaka naye kuendeleza alichukue, alirudishe Jumamosi inayofuata.

Siku hiyo nilifagia vibaya. Nilisubiri mashine izimwe mpaka masikio yaliniuma. Ilipozimwa, mpiga chapa alisoma kwa sauti ya taarifa ya habari. Kabla dada hajafungua kinywa, gari likasimama nje. Akashuka mwanamume mwenye tai na meno mazuri. Ukurasa wa tatu, harusi.

"Na mjomba je?" niliuliza.

"Mjomba kashonewa suti."

Wanawake walicheka. "Sasa alimjibu nini?" nikauliza tena.

"Alimjibu nani, mwenzangu? Harusi ndiyo jibu lenyewe."

Wiki iliyofuata daftari lilichukuliwa na binti wa chuo, mwenyeji wa Bukoba. Yeye harusi hakuitaka, akairudisha hadithi mlangoni, moyo wangu ukapanda. Lakini mjomba aliyemwandika alisema tu kwamba angepita tena kesho, na kesho yake mvua kubwa ya mwezi wa saba ikajaza mto, mto ukamchukua.

"Mwezi wa saba?" aliuliza mama mmoja wa Kigogo aliyekuwa amekalia gunia lake la uwele. "Hapa Dodoma?"

"Mwacheni," mwingine akasema. "Huko kwao mvua haina likizo."

Akafuata mwanamke aliyemwingiza jirani mpya kwenye hadithi, mweupe, mwenye mwanya, anayependwa na kila mtu. Wote tulimtazama mwandishi kinywani, naye akafumba mdomo. Jirani huyo alizungumza kurasa nne. Dada alimpikia chai.

Akafuata mwalimu wa shule ya msingi. Yeye alimfufua mama. Kumbe hakufa, hospitali walichanganya wagonjwa. Akatokea na kanga yake ile ile akawakumbatia watoto, mjomba akaondoka kwa aibu. Siku hiyo hakuna aliyecheka, na wawili watatu walifuta macho. Mimi niliinuka nikaenda kufagia mahali nilipokwisha kufagia. Nilimchukia yule mwalimu kwa wiki nzima, mtu ambaye hakunikosea chochote.

Wa mwisho alilikalia daftari Jumamosi tatu. Nilimfuata kwake mara mbili, mara zote anafua, mara zote "kesho". Liliporudi, kurasa za katikati zilikuwa zimechanwa. Zilitumika kuandikia orodha ya wageni wa send-off, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Sehemu yake yeye ilikuwa nusu ukurasa. Alikuwa ameirudisha hadithi mlangoni kabisa, kwa maneno mazuri kuliko ya wote, na mstari wa mwisho ulisema: "Dada akamtazama mjomba wake machoni, akafungua kinywa na". Basi. Nilipokwenda kumwuliza, jirani zake waliniambia amehamia Singida.

Wakati huo sisi tulikuwa tumeshavuna. Uwele ulikuwa ndani. Kila aliyepiga hodi nilimwitikia nikiwa nimeshasimama.

Jumamosi hiyo nilimvuta yule mpiga chapa pembeni. Nilimwuliza kwa nini hakumwacha dada ajibu.

Alidhani natania. Alipoona sitanii akasema, "Nilijaribu. Niliandika nikachana, nikaandika nikachana. Akikataa, ni binti asiye na adabu, na mama yangu anasoma lile daftari. Akikubali, nitalia mimi. Nikamletea gari."

"Gari."

"Sasa ningefanyaje? Wewe mbona mkali kwa wenzio tu? Lichukue basi, tuone."

Nililichukua. Siku nne mfululizo, nikitoka kazini, nilikaa kizingitini na penseli ya mdogo wangu. Niliandika "Dada akasema". Niliandika "Hapana, mjomba", nikasoma, nikaona anazungumza kama hakimu, nikafuta. Nikamfanya apige magoti aombe. Hilo nalo nikalifuta, maana nilijua mjomba angemwinua, angemwambia nyamaza mwanangu, na watoto wangeondoka vile vile. Karatasi ilitoboka.

Siku ya tano baba mdogo alifika. Alikuwa ameshuka treni, amevaa koti lake la kanisani, na mkononi alikuwa na mabegi mawili mapya, matupu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Mmevuna?"

"Tumevuna."

"Mungu mkubwa. Wenzio wako shule? Haya. Nimewanunulia hivi, wasisafiri na vifurushi kama wakimbizi. Wafungie nguo, tunaondoka kesho."

Alikuwa ametabasamu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo hakuna aliyeliandika. Nilifungua kinywa. Nikasema, "Karibu ndani, baba, chakula kiko jikoni."

Nilisonga ugali. Nguo sikuzifunga. Asubuhi watoto walimwamkia, wakavaa sare, wakaenda shule.

"Mizigo iko wapi?" aliuliza.

"Bado, baba."

Treni yake ilipita. Siku hiyo alizunguka nyumba. Aliingiza mkono kwenye uwele, akaunusa. Alifungua madaftari ya watoto ukurasa mmoja mmoja, akitazama alama za vyema. Alikwenda kwa jirani akakaa muda mrefu. Kesho yake aliuliza tena.

"Bado, baba."

"Utafunga lini?"

"Sijui, baba."

Akasema polepole, "Unajua watu wa ukoo watasema mimi nimewatupa? Hawatakusema wewe. Watanisema mimi."

"Najua, baba. Nisamehe."

Aliondoka siku ya tatu. Mabegi aliyaacha. "Nitarudi masika yakiisha," alisema mlangoni. "Nikute wamefungasha."

Niliandika hivyo hivyo, hazikufika kurasa mbili. Mjomba akabaki mjomba, na dada akasema "bado". Jumamosi mpiga chapa alisoma. Alipomaliza aligeuza karatasi kutafuta zaidi.

"Ndiyo imekwisha?"

"Ndiyo."

"Mbona hajamjibu?" akasema yule wa mwanya.

"Hajamjibu," nikakubali.

"Ugali, bado, ugali, bado. Hapa sasa tumesoma nini?"

Walilalamika mpaka mwenye mashine akainuka kwenda kuiwasha. Yule mama wa Kigogo aliinuka kivulini. Alinisogelea na ndoo yake, akaniuliza taratibu, "Sasa wewe, masika yakiisha?"

"Mbegu nimeshatenga," nikamwambia. "Za kulima sisi watatu."

"Uwele au mtama?"

"Uwele."