Jina la Verlin

Wifi yangu Oleta Stidham ana mdomo, sikatai. Kila mwezi wa Mei, sisi watu wa milima ya Kentucky tunapokwenda kusafisha makaburi na kula kuku wa kukaanga palepale kwenye nyasi, yeye humsimulia yeyote habari za Verlin, mwanawe aliyeishi wiki tatu tu. Ndiyo desturi yetu: anayeuliza habari za marehemu hujibiwa, tena hukatiwa keki.

Mwaka mmoja akaja bwana mpole mwenye kamera. Oleta akampa yote: siku ya kuzaliwa, hospitali, hata jina la ukoo wake yeye kabla ya kuolewa, lile ambalo benki huliuliza. Mei nyingine haijafika, polisi wakabisha hodi wakimtafuta Verlin Stidham, mwanamume wa makamo mwenye mikopo kila benki. Kumbe genge zima lilikuwa likivuna majina makaburini na kuyakopea.

Oleta akaacha kula. Nilimpikia maharage na mkate wa mahindi, akayatazama tu.

"Mimi ndiye niliyewapa, wifi."

"Wewe uliwapa keki. Jina waliiba wenyewe."

Jimbo likaandaa muswada wa kuyabana magenge ya wezi wa utambulisho, lakini uliwalinda walio hai tu. Jina la Verlin lingebaki mali ya yeyote. Oleta akaomba nafasi ya kusema mbele ya kamati ya maseneta, nami nikampeleka kwa gari.

"Na hiyo kofia nyeusi, wifi! Unakwenda kuzika nani?"

"Nakwenda kuzuia mwanangu asifukuliwe. Endesha gari."

Nikawasha gari.

Kwenye kamati, seneta mmoja kijana, wala hakuwa mbaya, alimuuliza, "Lakini mama, marehemu anaumia vipi?"

Oleta alishika ukingo wa meza. "Yeye haumii, mwanangu. Hakuacha hata soksi, tulimzika nazo. Hakusoma, hakuoa, hakumkosea mtu. Nilibaki na kitu chake kimoja, jina safi. Sasa nikiliita, anaitika mwizi."

Seneta alivua miwani. Alasiri hiyo wakaongeza maneno mawili, "au marehemu," kisha kamati yote ikaupitisha muswada.

Tulipotoka nje, Oleta alisimama kwenye ngazi akaita kwa nguvu, "Verlin!"

Watu wakageuka. Hakuna aliyeitika, naye akacheka huku machozi yanamtoka.